Kumfundisha binti kuhusu mlango wa kizazi: kwa makungwi, masomo na mashangazi wa Lindi na Mtwara

Kusini binti hakui bila kufundishwa. Yupo somo, yaani mlezi wake wa unyagoni, yupo kungwi, yupo shangazi au bibi anayeulizwa yale ambayo mama haulizwi. Yanayosemwa unyagoni yana wenyewe na mwongozo huu hauyagusi. Unaongeza somo moja tu ambalo wafundishaji wengi hawakupewa walipokuwa mabinti: namna virusi vinavyopita kwenye ngono vinavyokuja kuwa saratani ya mlango wa kizazi miaka mingi baadaye, na wapi pa kuvikatia njia.

Hakuna saratani inayowapata wanawake wengi wa Tanzania kuliko hii. Kwa makadirio ya karibuni, wagonjwa wapya ni zaidi ya 10,000 kwa mwaka na vifo ni zaidi ya 6,000. Wengi hufika hospitali ugonjwa ukiwa umeshatambaa, ilhali ni ugonjwa unaokwenda taratibu mno, wenye nafasi nyingi za kuuzuia.

Kwanza ujue wewe

Mlango wa kizazi ni sehemu ya chini ya mfuko wa uzazi inayochungulia ndani ya uke. Urefu wake ni kama sentimita 3. Mwambie binti aguse ncha ya pua yake: ukiguswa kwa kidole, mlango wa kizazi uko hivyo, mgumu kiasi na wenye kutelezateleza, na katikati una tundu dogo panapopita damu ya hedhi. Kuzunguka tundu hilo, ngozi laini ya ndani hukutana na ngozi ngumu ya nje. Saratani hii karibu yote huanzia hapo kwenye mpaka. Kwa binti aliyevunja ungo karibuni mpaka huo umejitokeza nje zaidi, na seli zake ziko katika kubadilika, hivyo virusi hupata pa kushika kwa urahisi. Kumbe unapomwambia binti asubiri, una sababu ya kimwili ya kumpa, si ya heshima peke yake.

Virusi vyenyewe vinaitwa HPV. Viko vya aina zaidi ya 200. Aina kama 14 ndizo za hatari, na mbili kati yake, namba 16 na namba 18, ndizo zinazosababisha karibu asilimia 70 ya saratani hii. Huambukizwa kwa ngozi ya sehemu za siri kugusana na ngozi. Si lazima mwanamume amwage, wala si lazima aingie sawasawa. Mwanamume aliye navyo kwa kawaida haumwi chochote, na hakuna kipimo cha kawaida cha kumpima. Hili lisisitize, kwa sababu vijana siku hizi wanakwenda kupima VVU pamoja, wanarudi na majibu mazuri, wanasema "tuko safi." Majibu yale ni ya VVU. Kuhusu HPV hayajasema neno.

Halafu kuna hesabu ya muda, nayo ndiyo itakayokusaidia kujibu maswali mengi. Watu wengi walioanza kujamiiana hupata HPV wakati fulani maishani. Kati ya maambukizi 10, karibu 9 huondolewa na mwili wenyewe ndani ya miaka 2. Yale yanayogoma kuondoka ndiyo yanayobadilisha seli polepole, na mpaka zifike kuwa saratani hupita miaka 15 hadi 20. Kwa mwanamke mwenye VVU asiyetumia dawa muda huo unaweza kushuka hadi miaka 5 au 10. Ukiishika hesabu hii utajua kwa nini chanjo hutolewa kwa mtoto wa miaka 9, kwa nini binti wa miaka 19 harundikwi kwenye foleni ya kupimwa, na kwa nini mwanamke wa miaka 35 anayesema "mimi siumwi" hajajibu kitu.

Ligawe somo kwa umri

Hapa ndipo panapoharibika mara nyingi. Wapo watoto wanaoingizwa unyagoni wakiwa na miaka 9 au 10, na mafundisho ya watu wazima wakayapokea siku hiyohiyo. Somo hili lisiende hivyo. Wa miaka 9 hadi 14 mfundishe mambo matatu: mwili wake na usafi wake wa hedhi, kwamba hakuna mtu mzima mwenye ruhusa ya kumgusa, na kwamba ipo chanjo. Yatosha. Aliyeguswa, au anayeozeshwa angali mtoto, asibaki na siri hiyo: namba 116 ni ya huduma kwa mtoto na hupigwa bure, na vituo vya polisi vina dawati la jinsia na watoto. Mambo ya wapenzi, kondomu na kupimwa yasubiri awe mkubwa. Ila kama unajua ameshaanza, usisubiri umri, mwite peke yake umfundishe.

Chanjo

Tanzania ilianza kutoa chanjo ya HPV nchi nzima mwaka 2018, kwa wasichana wa miaka 14, dozi mbili. Tangu Aprili 2024 ni dozi moja, kwa wasichana wa miaka 9 hadi 14, bila malipo. Wapo mama wanaodhani dozi imepunguzwa kwa sababu serikali imeishiwa. Waambie sivyo: utafiti uliosaidia kuonyesha kwamba dozi moja inatosha ulifanyika hapahapa nchini, Mwanza, kwa wasichana 930. Msichana anayeishi na VVU ndiye anayehitaji zaidi ya moja, mbili au tatu, kwa hiyo aliyeko CTC, yaani kliniki ya huduma na tiba ya VVU, aulizie hukohuko.

Sindano huchomwa juu ya mkono, kwenye msuli. Mkono utauma siku moja au mbili, pengine na homa ndogo. Wasichana wengine huzirai kwa woga wa sindano, hasa wakichomwa kwa foleni shuleni hawajala, kwa hiyo mtoto anywe uji asubuhi, na baada ya sindano akae chini dakika 15. Asipofanyiwa hivyo akaanguka mbele ya wenzake, kesho yake kijiji kizima kinasema chanjo inaua.

Chanjo hutolewa shuleni na kwenye zahanati. Walioacha shule ndio wanaosahaulika: aliyebaki nyumbani kulea wadogo zake, au aliyehamia shambani na wazazi msimu wa korosho. Hao inabidi mtu awashike mkono. Njia nyepesi ni kuifunga chanjo na ngoma ya unyago: mzazi anapokuja kuandikisha mtoto kwa ajili ya likizo ya Juni au Desemba, muulize kadi ya chanjo. Kama hana, apitie zahanati kwanza. Kungwi anayeuliza kadi anasikilizwa kuliko tangazo la gari lenye spika.

Uvumi mkubwa ni kwamba chanjo inafunga kizazi. Jibu fupi: haina dawa ya uzazi wa mpango ndani yake, na haina kirusi kizima, ina ganda lake tu la kuufundisha mwili kukitambua. Kinachoondoa kizazi ni saratani yenyewe, kwa kuwa tiba yake mara nyingi ni kutoa mfuko wa uzazi au kuupiga mionzi. Usibishane sana zaidi ya hapo. Mzazi anayesitasita hukubali akimwona mwenzake amepeleka wa kwake.

Chanjo haitibu maambukizi yaliyokwishaingia. Ndiyo maana hutolewa kabla ya kuanza ngono. Aliyepita miaka 14 hayumo kwenye mpango wa bure, lakini anaweza kuulizia hospitali kubwa au ya binafsi kwa kulipia. Hata aliyeanza ngono anaweza kunufaika, kwa sababu huenda hajakutana na aina zote. Shirika la Afya Duniani linakubali dozi moja hadi umri wa miaka 20. Kuanzia miaka 21 ni dozi mbili, zikipishana miezi 6.

Kusema na binti mkubwa

Anza na hili: usimtishe. Ukisema "ukilala na wanaume utapata saratani," binti aliyekwisha kulala na mmoja atajiona amekwisha, atanyamaza, na akija kutokwa na damu miaka ishirini baadaye ataficha. Na mke aliyemjua mume wake tu atajiona haimhusu. Wote wawili umewapoteza. Usiuite ugonjwa wa malaya. Mwanamke mwenye mwanamume mmoja maisha yake yote anaweza kuupata, kwani mwanamume huyo naye ametoka mahali.

Binti atakuuliza, kwa sauti ya chini, "Somo, mimi nimeshaanza. Si nimeshaharibikiwa?" Mjibu: "Hujaharibikiwa, mwanangu. Virusi vingi mwili wako utaviondoa wenyewe. Kazi yako ni kutojiongezea vingine, na umri ukifika ukapime." Sentensi hizo zinatosha kumfanya aendelee kuuliza.

Kisha mfafanulie kinachoongeza hatari. Kuanza mapema, kwa sababu ya ule mpaka. Idadi ya wapenzi, wake na wa mwenzake, na hii ya mwenzake ndiyo inayosahaulika. Fataki wa miaka 40 mwenye pesa za mnada wa korosho, anayemnunulia binti simu mwezi wa Novemba, anakuja na virusi vya wote aliopitia tangu ujana wake. Kijana wa rika la binti amepitia wachache zaidi. Mabinti wanaelewa haraka likisemwa hivyo, kuliko wakiambiwa "acheni tamaa." Ukiona msimu unakaribia, hilo ndilo la kusemea.

Kondomu ifundishe kwa ukweli wake. Inapunguza HPV, haizuii yote, kwa sababu ngozi ya pembeni isiyofunikwa nayo hugusana. Ukimwahidi kinga kamili utaonekana mwongo siku atakayopata vigwaru, vile vinyama vya sehemu za siri vinavyoletwa na HPV. Lakini kwa VVU, kisonono, kaswende na mimba inafanya kazi kubwa, na VVU pekee huongeza hatari ya saratani hii mara 6, kwa hiyo bado ina thamani. Kwa HPV kuna jambo moja la ziada: ivaliwe kabla ya kugusana kokote. Wengi huivaa katikati, karibu na mwisho, wakiwa wameshaambukizana.

Mfundishe kwa mkono, kwa kutumia ndizi au mchi. Soma tarehe ya kuisha. Bonyeza pakiti, iwe na hewa ndani. Chana kwa vidole, si meno. Bana chuchu ya mbele hewa itoke, kisha teremsha mpaka shinani. Moja tu, mbili zikisuguana hupasuka. Wakati wa kutoka ishikwe shinani kabla uume haujalegea. Mafuta ya nazi, ya mgando na losheni hulainisha mpira ukapasuka ndani ya dakika chache, kwa hiyo kama pakavu watumie kilainishi cha maji, ambacho zahanati nyingine wanacho.

Mengine yapite haraka. Sigara huongeza hatari. Vidonge vya majira vikitumika zaidi ya miaka 5 mfululizo huongeza kidogo, na hatari hushuka baada ya kuviacha. Lakini usimwambie binti aviache kwa hofu hii, atakuja na mimba. Kuzaa mara nyingi, tano na kuendelea, nako kumo. Tohara ya mwanamume hupunguza uambukizaji bila kuumaliza, na kwa kuwa huku jando lipo, usikubali ligeuzwe kisingizio cha kukataa kondomu. Binti mwenye VVU anayemeza dawa kila siku anajilinda na saratani pia. Mwambie hivyo, maana wengi hudhani dawa zile ni za VVU tu.

Shabu, majani na kujisafisha kwa ndani

Hapa lazima tuseme wazi ingawa wengine watachukia. Shabu, ugoro, majani ya kubana, maji ya ndimu, sabuni ya kuingiza kwa kidole: vyote hivi vikiingizwa ukeni hukausha na kuchubua. Pakichubuka virusi vya kila aina hupata njia, na penye ukavu kondomu hupasuka. Vilevile huficha dalili. Mwanamke anayetoka uchafu unaonuka hujisafisha kila siku kwa shabu, na kumbe ile harufu ndiyo iliyokuwa inamwita aende hospitali. Uke hujisafisha wenyewe. Maji ya kawaida kwa nje yanatosha. Kama unyagoni kwenu shabu imo, wewe ndiye mwenye uwezo wa kuitoa, sisi hatuna.

Kupima: nani, lini, vipi

Usiwaambie mabinti wote wa miaka 18 wakapime. Watakwenda, watarudishwa, na wakifika 30 hawatarudi tena. Umri wa kupima ni miaka 30 hadi 50. Chini ya hapo maambukizi mengi ni yale yatakayoondoka yenyewe, na kumtibu binti kisichohitaji tiba ni kumchokoza mlango wa kizazi kabla hajazaa. Wapo wa aina mbili wasiosubiri. Mwenye VVU huanza mapema, Shirika la Afya Duniani husema tangu miaka 25, na CTC watampangia. Na mwenye dalili huyo hasubiri umri wowote.

Kungwi, kama una miaka 30 na zaidi, anza wewe. Binti hukuuliza "inauma?" na jibu zuri ni la aliyelala kwenye kile kitanda. Kama umepita 50, au hedhi imekoma, kipimo cha siki, kinachoelezwa hapa chini, hakikufai sana kwa sababu ule mpaka umerudi ndani. Mwone daktari akupangie kingine.

Huduma iko kwenye kliniki za afya ya mama na mtoto: hospitali za rufaa za mikoa, yaani Ligula kwa Mtwara na Sokoine kwa Lindi, Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini, hospitali za wilaya na baadhi ya vituo vya afya. Anayetoka mbali, tuseme Liwale vijijini au Nanyumbu, aulize kwanza zahanati ya karibu ni siku gani wapimaji wapo na wapi, asije akapoteza nauli. Akifika aseme wazi: "Nimekuja kupima saratani ya mlango wa kizazi." Akisema tu "nina matatizo ya kike" atapewa dawa ya fangasi aondoke.

Asiende akiwa hedhini. Siku mbili kabla asijamiiane, asiingize dawa wala asijisafishe kwa ndani. Mjamzito kwa kawaida husubiri wiki 6 baada ya kujifungua. Avae sketi au achukue kanga ya ziada, akojoe kabla ya kupanda kitandani, na kama hataki mpimaji wa kiume aulize, mara nyingi yupo wa kike. Kadi ya CTC, kama anayo, aibebe.

Kitandani ataambiwa akunje magoti. Kifaa cha kufungulia uke kitaingizwa. Akikaza mapaja kitauma, akipumua taratibu kwa mdomo kitabana kidogo tu. Mpimaji atapaka siki nyepesi, ya asilimia 3 hadi 5, atasubiri angalau dakika moja, kisha ataangalia kwa taa. Seli zilizobadilika hugeuka nyeupe. Yote hayazidi dakika 10 na majibu ni palepale. Sehemu nyingine kuna kipimo cha HPV chenyewe, ambacho mwanamke anaweza kujichukulia sampuli kwa kijiti cha pamba, majibu yakaja baadaye. Siki ya dukani isitumike nyumbani hata kwa mzaha. Kazi yenyewe iko kwenye jicho la aliyefundishwa.

Majibu ni matatu. Hasi: arudi baada ya miaka 3, na kwa mwenye VVU muda hufupishwa, kwa kawaida mwaka mmoja. Chanya: kuna seli zilizobadilika, na hapa wengi hulia wakidhani ni saratani. Siyo. Ndiyo hatua ya kushukuru kuikuta, maana hutibika siku hiyohiyo kwa kugandishwa kwa baridi kali, dakika 3, pakaachwa payeyuke dakika 5, pakagandishwa tena dakika 3, au kwa kifaa cha joto kisichozidi dakika moja. Doa likiwa kubwa hukatwa kwa waya wa umeme kwenye hospitali kubwa. Jibu la tatu ni kushukiwa saratani.

Baada ya kugandishwa atatoka majimaji mengi kwa wiki kadhaa, hadi 4. Wiki hizo 4 hakuna kujamiiana wala kuingiza chochote ukeni. Hapa ndipo ndoa nyingi hukwama, kwa hiyo mume aelezwe mapema, ikiwezekana na mpimaji mwenyewe. Akishindwa kabisa, kondomu kila mara. Homa, maumivu makali ya tumbo, usaha wenye harufu, au damu nyingi kuliko ya hedhi: arudi siku hiyo. Kipimo cha marudio ni baada ya miezi 12. Tarehe hiyo iandike wewe kwenye simu yako, usimwachie yeye peke yake.

Dalili zisizosubiri

Damu baada ya tendo la ndoa. Damu kati ya hedhi na hedhi. Damu baada ya hedhi kukoma, hata tone moja. Uchafu wenye harufu usiokoma kwa dawa. Maumivu ya kiuno au mguu kuvimba huja baadaye sana. Damu ya baada ya tendo ndiyo inayofichwa kuliko zote, kwa kuwa mume huiona na huanza kuuliza maswali. Mweleze mume kwamba haitoki kwa uzinzi, na kwamba hata maambukizi yakionekana leo huenda yaliingia miaka mingi kabla ya ndoa.

Akishukiwa, atakatwa kinyama kidogo kipelekwe maabara. Asiondoke bila kujua majibu yatatoka lini na nani atampigia. Ugonjwa ukiwa bado mdogo upasuaji huweza kuumaliza. Ukiwa umeenea huhitaji mionzi, na wagonjwa wengi wa kusini hupelekwa Taasisi ya Saratani Ocean Road, Dar es Salaam, zaidi ya kilomita 550 kutoka Mtwara mjini. Matibabu huchukua wiki 6 hadi 8 mfululizo, kwa hiyo familia ipange mapema: ndugu wa kufikia, mtu wa kumsindikiza, nauli za kila siku mjini, na nani atabaki na watoto na shamba. Kipindi cha masika waondoke siku kadhaa kabla ya miadi, kwa sababu barabara ya Somanga ikikatika kwa mvua, kama ilivyokatika Mei 2024, hakuna basi litakalopita.